Ukitaka Soka Liwe Kazi Yako, Nenda Utakakocheza

Ligi ikiisha tu, simu yangu hujaa ujumbe wa namna moja: "Kocha, nifanyie mpango Simba." Mwingine anataka Yanga, mwingine Azam. Ni nadra kijana kuniuliza timu ipi ina upungufu wa beki wa kushoto, au kocha yupi msimu huu anathubutu kumwanzisha mtoto wa miaka 19. Maswali hayo mawili ndiyo yenye ajira ndani yake, na mengi ninayokushauri hapa yanayazunguka.

Nilicheza beki wa kushoto, zaidi madaraja ya chini na misimu michache Ligi Kuu Bara. Sasa nafundisha vijana Mbagala. Nakuandikia wewe uliye kati ya miaka 13 na 20, na mzazi wako asome pia, maana kuna mahali saini yake itahitajika.

Dakika kwanza

Mchezaji hukomaa kwa mechi za ushindani. Mazoezini unajifunza kupiga krosi. Lini usiipige, hilo utajifunza saa kumi jioni kwenye uwanja mkavu, winga wao akikusubiri upoteze mpira akimbie mgongoni mwako, na jukwaa zima likikuzomea. Kijana wa miaka 18 aliyecheza mechi 25 za Championship, daraja lililo chini ya Ligi Kuu, kwa msimu atamwacha mbali mwenzake aliyekaa jukwaani na jezi ya timu kubwa, hata kama walianza wakiwa sawa. Nimeliona hili kwa vijana niliowalea mwenyewe. Yule tuliyemwona wa pili kwa uwezo ndiye anayekula kwa mpira leo, kwa sababu alikubali kupanda basi kwenda mkoani.

Mtazame Mbwana Samatta, aliyekulia hapa hapa Mbagala. Alipita African Lyon, akaenda Simba, na mwaka 2011 TP Mazembe ya Kongo (DRC) wakamchukua baada ya kumwona akicheza dhidi yao kwenye Ligi ya Mabingwa Afrika. Alikaa Lubumbashi hadi Januari 2016, katika mji ambao Kiswahili kinazungumzwa mitaani, kwa hiyo hata upweke wa ugenini ulipungua. Mwaka 2015 alibeba ubingwa wa Afrika akiwa kinara wa mabao sawa na Bakri Al-Madina wa Al-Merrikh ya Sudan, akatangazwa mchezaji bora wa Afrika kwa wanaocheza ndani ya bara, ndipo Genk ya Ubelgiji walipomchukua. Huko nako alicheza miaka minne kabla Aston Villa hawajamsajili Januari 2020, akawa Mtanzania wa kwanza kucheza Ligi Kuu ya Uingereza. Hakuna daraja alilolivuka kabla hajalicheza vya kutosha.

Novatus Dismas alitoka akademi ya Azam pale Chamazi, akapelekwa kwa mkopo Biashara United ya Musoma. Vijana wengi wa Dar wakitajiwa Musoma wanaona wametupwa. Yeye alikwenda, akacheza, kisha akaondoka nchini kwenda Israel, akaingia Ubelgiji, na mwaka 2023 alikuwa Shakhtar Donetsk ya Ukraine akicheza Ligi ya Mabingwa Ulaya. Dickson Job naye alikuwa Serengeti Boys ya 2017, timu yetu ya taifa ya chini ya miaka 17, akakomalia Mtibwa Sugar kule Turiani, na Yanga walipomsajili Januari 2021 walichukua beki aliyekwisha kuzoea kupambana na watu wazima.

Kwa hiyo ukiitwa na timu mbili, chukua daftari. Andika nani anacheza nafasi yako kila upande, ana umri gani, mkataba wake unaisha lini. Pitia vikosi vya mechi zao kumi za mwisho uhesabu wachezaji wa chini ya miaka 21 walioanza. Ukikuta sifuri, ahadi ya "tutakulea" haina uzito. Uliza kocha anayekutaka amebakiza muda gani, kwa kuwa timu zetu hubadilisha makocha haraka na kocha mpya huja na watu wake. Uliza kama watakutoa kwa mkopo dirisha dogo la usajili likifunguliwa nawe hujapata nafasi. Wakisema ndiyo, waombe waandike.

Ngazi yenyewe kwa Bara ni ligi ya wilaya, ligi ya mkoa, Ligi ya Mabingwa wa Mikoa, First League, Championship, kisha Ligi Kuu. Zanzibar wana ligi yao, na huko ndiko alikotokea Feisal Salum kupitia JKU. UMISSETA, michezo ya shule za sekondari, ni mahali pazuri pa kuonekana ukiwa bado shule. Ndondo, yaani mashindano ya mtaani, pia, makocha hukaa pembeni ya uwanja kimya kimya wakiangalia. Ila ukishakuwa na mkataba, acha ndondo. Vifundo vya miguu vinaharibika kwenye viwanja vile, na timu iliyokusajili haina wajibu wa kukutibu jeraha ulilolipata kwenye mechi ambayo haikukuruhusu.

Kwa kijana asiye na mtu wa kumshika mkono nyumbani, nazipenda timu za vyombo vya ulinzi na usalama: JKT Tanzania, Mashujaa ya Kigoma, Tanzania Prisons ya Mbeya. Baadhi ya wachezaji wake huishia kupata ajira humo, na goti likigoma ukiwa na miaka 27 ajira hiyo inakufaa.

Umri wako usiuguse

Kuna mtu atakuja akuambie upunguze miaka miwili au mitatu ili ucheze timu ya vijana. Huenda akawa kocha, huenda akawa mjomba wako. Mkatalie kwa heshima na usirudi nyuma. Kwenye mashindano ya Afrika ya chini ya miaka 17 wachezaji hupimwa mfupa wa kifundo cha mkono kwa kipimo cha MRI. Serengeti Boys ya 2017 ilitolewa na Kongo Brazzaville kwenye mchujo, lakini TFF, shirikisho letu la soka, ikakata rufaa kuhusu umri wa mchezaji mmoja wa Kongo. Mchezaji huyo hakutokea kupimwa, Kongo ikaondolewa, vijana wetu wakaenda Gabon. Mtu mmoja aliwagharimu wenzake wote mashindano.

Kuna hasara nyingine isiyosemwa. Cheti cha kuzaliwa cha RITA kikisema mwaka mmoja, cheti cha darasa la saba kikasema mwingine, na kitambulisho cha taifa cha NIDA kikasema wa tatu, siku klabu ya nje inapotaka kukusajili karatasi zitagongana na dirisha litafungwa nao wanangoja. Tafuta cheti cha kuzaliwa sasa, majina yapangwe vilevile kwenye kila hati, kisha pasipoti ifuate.

Na usajiliwe rasmi mapema, hata kama ni timu ya mtaa. Chini ya kanuni za FIFA, mchezaji akiuzwa nje ya nchi, asilimia 5 ya ada hugawiwa klabu zilizomlea tangu akiwa na miaka 12 hadi 23. Timu yako ya mtaani isipokuwa na kumbukumbu zako kwenye usajili wa shirikisho haitaona hata senti. Nawasihi makocha wenzangu mitaani walichukulie jambo hili kwa uzito, mipira na koni tunazoombaomba kila mwaka zingeweza kutoka humo.

Mazoezini

Watoto wetu wana chenga. Wanachokosa, na ndicho makocha wa nje hukitafuta, ni kupokea mpira wakiwa wamekwisha kutazama kilicho nyuma yao. Fanya hivi na wenzako wawili. Mmoja akupigie pasi, mwingine asimame nyuma yako akiinua vidole. Kabla mpira haujafika mguuni, geuza shingo utazame, utaje idadi ya vidole, kisha upokee na kugeukia upande ulio wazi. Mwanzoni utapoteza mipira mingi. Endelea kila siku ya mazoezi, baada ya miezi kadhaa shingo itageuka yenyewe.

Mguu dhaifu unahitaji ukuta na uvumilivu tu. Mimi nilikuwa wa kushoto mtupu na mawinga walinijua, wakinisukumia ndani. Kijana wa sasa hawezi kuishi hivyo, beki anatakiwa aanzishe mashambulizi kwa miguu yote miwili.

Kuhusu majeraha, FIFA wana mfululizo wa mazoezi ya kupasha mwili uitwao 11+, wa kama dakika 20, usiohitaji kifaa chochote zaidi ya mpira na koni. Tafiti zimeonyesha hupunguza majeraha ukifanywa walau mara mbili kwa wiki. Utaupata mtandaoni bure na picha zake. Ndani yake kuna zoezi la nyama za paja: unapiga magoti, mwenzako anakushika vifundo vya miguu, unashuka mbele taratibu ukijizuia kwa nguvu za nyuma ya paja. Lina maumivu siku za mwanzo. Mawinga wangu wote nimewalazimisha walifanye, kwa kuwa mtu wa mbio akichanika nyama za paja mara mbili mbio zake hazirudi zote.

Chakula chetu kinatosha: ugali, maharage, dagaa, mayai, ndizi, matunda, maji mengi. Usingizi uwe wa kutosha. Simu izimwe.

Siku ya majaribio

Timu nyingi hufanya majaribio ligi ikishaisha na wakati wa maandalizi ya msimu mpya, Julai hadi Agosti. Tafuta habari kwenye kurasa rasmi za klabu au umpigie kocha wa vijana. Anayekudai ada ya majaribio kwa simu binafsi, mpuuze.

Fika saa moja kabla, na viatu ulivyokwisha kuvizoea. Ukiulizwa nafasi, taja moja, ile unayoijua usingizini. "Nacheza popote" humfanya kocha akupange popote, na popote huwa ni mahali pa kukosea. Uwanjani kila mtu atataka kupiga chenga watu watano. Wewe pasi tatu za mwanzo ziwe nyepesi na zifike. Zungumza na wenzako hata kama huwajui majina, waite kwa rangi ya bibu au namba. Ukipoteza mpira, rudi mbio papo hapo. Sisi makocha tukiwa na vijana sitini na dakika arobaini, tunaangalia unafanya nini sekunde chache baada ya kukosea kuliko tunavyoangalia bao lako.

Mwombe ndugu akurekodi kwenye mechi za kawaida, simu ikiwa imeshikwa kwa upana na mpigaji amesimama mahali pa juu. Kata kipande cha dakika nne au tano kisicho na muziki, na ujiwekee alama uonekane kabla ya kila tukio. Hifadhi pia mechi mbili nzima. Skauti makini akipenda kipande ataomba dakika 90.

Mkataba

Hapa ndipo wengi wanapoumia, kwa hiyo twende taratibu.

Kwetu kuna desturi ya fedha za usajili, donge linalotolewa siku ya kusaini. Kijana akiona noti hasomi tena. Mwambie kiongozi aliyeleta karatasi kwamba utairudisha baada ya siku mbili, na muda huo uipeleke kwa mwanasheria au mtu yeyote aliyezoea mikataba. Timu inayokataa usome nyumbani ina jambo inalificha.

Tazama mshahara wa mwezi umeandikwa kiasi gani na unalipwa tarehe ngapi. Tazama nani analipa matibabu, na kama unaendelea kulipwa ukiwa umeumia. Nyumba, nauli, bonasi, vyote viwe kwenye karatasi. Kanuni za FIFA haziruhusu mchezaji wa chini ya miaka 18 kufungwa mkataba unaozidi miaka mitatu, na kwa aliyezidi umri huo kikomo cha kawaida ni miaka mitano. Ushauri wangu kwa mkataba wa kwanza ni miaka miwili. Ukicheza vizuri utasaini mwingine wenye fedha zaidi, usipocheza utakuwa huru kwenda kwingine. Ikibaki miezi sita mkataba uishe unaruhusiwa kuzungumza na klabu nyingine bila kuvunja sheria.

Omba kiasi cha kununulia mkataba kiandikwe wazi. Desemba 2022 Feisal Salum aliiandikia Yanga kuvunja mkataba na akawarudishia fedha, upande wake ukiamini ametimiza masharti. Kamati ya Sheria na Hadhi za Wachezaji ya TFF ikaamua kwamba bado ni mchezaji wa Yanga. Kiungo bora kabisa wa nchi alikaa nje miezi mingi hadi Juni 2023, klabu zilipokubaliana akaenda Azam. Yeye alikuwa na jina kubwa na watu wengi wa kumsemea. Wewe wa Championship ukiingia mgogoro kama huo hakuna atakayejua uliko.

Klabu ikiacha kukulipa, usigome kimdomomdomo wala usitoroke kambini. Kanuni za FIFA zinasema klabu ikikukalia mishahara ya miezi miwili, unaiandikia madai na kuipa siku 15 kamili, na isipolipa una sababu halali ya kuvunja mkataba. Simon Msuva alipodai malipo yake Wydad ya Morocco, shauri lilifika FIFA. Timu moja niliyochezea ilikaa bila kutulipa kwa muda mrefu, na walioambulia kitu baadaye ni wale waliokuwa na nakala ya mkataba na barua za madai zenye muhuri wa kupokelewa. Chama cha wachezaji, SPUTANZA, kipo kwa ajili ya mambo haya. Jiunge kabla ya matatizo.

Wakala naye ana leseni. Siku hizi FIFA humfanyisha mtihani, na jina lake hupatikana kwenye orodha ya tovuti yao. Mkataba wake nawe usizidi miaka miwili. Kama hujafika miaka 18, hawezi kukusogelea bila idhini ya maandishi ya mzazi wako. Rafiki wa kaka aliyewahi kuishi Uturuki hawi wakala kwa sababu hiyo.

Kutoka nje

FIFA inakataza mchezaji wa chini ya miaka 18 kuhamishwa kimataifa, isipokuwa kwa mazingira machache, kama wazazi kuhamia nchi hiyo kwa mambo yasiyohusu soka. Kwa hiyo mtu anayekuambia mwanao wa miaka 15 anasubiriwa na klabu ya Ulaya, na anahitaji fedha za viza wiki hii, anakudanganya. Kelvin John, aliyecheza fainali za vijana hapa Dar mwaka 2019, alikwenda kwanza kusoma Uingereza, Brooke House College, na alisaini Genk Juni 2021 alipotimiza miaka 18. Njia halali ipo, ina subira, na shule ilikuwa sehemu yake. Jifunze Kiingereza, na Kifaransa ukiweza, ukisaini Morocco au Algeria utakitumia tangu siku ya kwanza.

Kwa wasichana, msikae mkidhani haya ni ya kaka zenu. Aisha Masaka alitoka Yanga Princess akaenda BK Häcken ya Sweden mwaka 2022, na 2024 akasajiliwa na Brighton ya Uingereza. Clara Luvanga amefunga mabao Al Nassr ya Saudi Arabia. Ushindani wa namba kwenye Ligi Kuu ya Wanawake bado si mkali kama wa wanaume, kwa hiyo binti wa miaka 17 aliye tayari anaweza kupata dakika nyingi mapema. Wazazi, mruhusuni acheze, na mkague nani analala kwenye kambi na nani ana ufunguo.

Weka kikomo

Kaa na mzazi wako mkubaliane umri. Mimi nasema 22. Ukifika hapo hujacheza hata Championship, mpira uwe wa jioni na kazi nyingine iwe ya asubuhi. Ndiyo maana nawadai wachezaji wangu ripoti za shule kila muhula, na asiyeleta hapangwi. Wanaobaki na mapenzi ya mchezo wana nafasi nyingi: ukocha, uamuzi, utabibu wa michezo, uchambuzi wa video. Kozi za ukocha za ngazi ya mwanzo hutangazwa kupitia vyama vya soka vya mikoa, na za waamuzi pia. Ukiwa na miaka 22 na umecheza ligi ya mkoa, unaweza kuomba zote mbili mwaka huu huu. Nenda ofisi ya chama cha mkoa wako uulize lini kozi inaanza, na ubebe nakala ya cheti chako cha kidato cha nne.